Neno la kula na haki ya msitu wa Batang Ai

Nilikulia Miti, kando ya msitu wa Kahuzi-Biega. Kwetu mtoto akiuliza parke ni nini, huambiwa: ni mahali pasipoingiwa. Muhula huu, katika semina ya isimu linganishi, nilipewa lugha ya Kiiban, nikakuta msitu mwingine ambako swali hilo hilo lilifikishwa mbele ya majaji.

Waiban ni wenyeji wa Sarawak, jimbo la Malaysia katika kisiwa cha Borneo. Hifadhi ya Taifa ya Batang Ai, yenye orangutani, ilitangazwa mwaka 1991. Mgeni hutoka Kuching kwa gari hadi kwenye bwawa la umeme lililokamilika mwaka 1985, ambalo maji yake yaliwahamisha Waiban wengi. Kutoka hapo husafiri kwa mtumbwi mrefu wenye mota. Wenyeji humpokea katika *rumah panjai*, yaani nyumba ndefu: kila familia ina *bilik* yake, na mbele ya vyumba vyote hupita *ruai*, baraza ya pamoja.

Kiiban ni ndugu wa Kimalay. Panapo *-an* au *-ang* katika Kimalay, mara nyingi Kiiban kina *-ai*: *makan/makai* (kula), *jalan/jalai* (njia), *panjang/panjai* (-refu). Ni ulinganifu wa sauti kama ule tunaoutafuta katika lugha za Kibantu.

Kutokana na *makai* tunapata *pemakai menoa*, nchi inayolisha kijiji. Ndani yake mna mito, makaburi, *temuda* (mashamba yaliyopumzishwa) na *pulau*. Neno *pulau* lina maana ya kisiwa; hapa ni msitu ulioachwa makusudi katikati ya mashamba, ili watu wapate mbao, henzirani na nyama.

Desemba 2016, Mahakama ya Shirikisho ya Malaysia iliamua kwamba desturi za *pemakai menoa* na *pulau* hazina nguvu ya sheria. Haki ya kimila ilibaki kwenye ardhi iliyolimwa tu. Mwaka 2018 Sarawak ilirekebisha sheria yake ya ardhi, ikatambua maeneo ya namna hiyo, lakini kwa ukubwa wenye kikomo.

Hapa ndipo kazi yetu inapoanza. Anayetafsiri *pulau* kuwa «msitu usiolimwa» hajakosea kuhusu miti, ila amemfuta mwenyewe. Msitu uliotunzwa unageuka msitu mtupu, na kitupu hakina wa kukidai.

Batwa walitolewa katika msitu wa Kahuzi-Biega miaka ya 1970. Katika kamusi ninazotumia, sehemu zote za msitu ule zimeandikwa neno moja: msitu. Kwa hiyo kazi yangu ya mwisho wa mwaka itaanza na swali moja kwa wazee wao: «Baba, mama, mahali hapa ninyi mlikuwa mkipaitaje?»