Kukodi foklifti katika viwanda vya chai: Bei ya siku si gharama yote

MENEJA wa kiwanda cha chai katika kaunti ya Kericho au Bomet anapotafuta foklifti ya kukodi, swali linalotangulia kwa kawaida ni hili: siku moja ni pesa ngapi? Ni swali la haki, ila jibu lake halimwelezi mengi. Mtambo uliokodishwa kwa bei nafuu unaweza kuishia kuwa ghali kuliko wote kwa kukaa siku tatu uani, magurudumu yakiwa yamezama katika tope jekundu.

Hasara hiyo haiishii katika vitabu vya mhasibu. Viwanda kama Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Kapkoros vinamilikiwa na wakulima wadogo na kusimamiwa chini ya Shirika la Ustawi wa Majani Chai Nchini (KTDA). Gharama za uendeshaji huondolewa kwanza, ndipo mkulima apate malipo yake ya pili, yale yanayofahamika na wengi kama bonasi. Kwa hivyo foklifti iliyolala bila kazi hulipiwa, mwisho wa hesabu, na mwenye ekari moja ya chai huko Konoin au Bureti.

Haja ya kukodi huzuka kwa namna mbalimbali. Pengine mtambo wa kiwanda chenyewe umeharibika wakati majani yanafurika, au kumeletwa boila mpya inayopaswa kushushwa na kusogezwa mahali pake. Mara nyingine ni shehena ya mbolea inayofika kwa malori mengi kwa mpigo. Kila mojawapo ya kazi hizi huhitaji mtambo tofauti, na hapa ndipo makosa mengi huanzia.

Foklifti haibebi magunia. Hubeba paleti, yaani jukwaa la mbao ambalo magunia hupangwa juu yake na uma mbili za chuma kupenyezwa chini. Chai iliyokwisha kusindikwa haina taabu katika jambo hili, maadamu hupakiwa katika mifuko ya karatasi ngumu na kupangwa juu ya paleti kabla ya kusafirishwa hadi Mombasa, ambako mnada wa chai umekuwako tangu mwaka 1969. Mfuko mmoja ukiwa na kilo 65, paleti ya mifuko 20 ni kilo 1,300. Foklifti ya tani mbili na nusu huimudu bila shida.

Mbolea ni kisa kingine. Ile ya NPK 26:5:5 inayotumiwa na wakulima wa chai huja katika mifuko ya kilo 50, na lori lenye shehena ya tani 28 huwa na mifuko 560. Ikiwa mifuko hiyo imerundikwa loriní bila paleti, foklifti haina la kufanya hadi makuli waishushe na kuipanga kwa mikono. Aliyekodi atakuwa analipia mtambo na makuli pia, kwa kazi ambayo makuli peke yao wangeimaliza. Afadhali aulize mapema, kabla ya kupiga simu kwa mwenye mtambo, mbolea itafika ikiwa imepangwaje.

Suala la uzani nalo lina mtego wake. Foklifti ya tani tatu hubeba tani tatu pale tu kitovu cha uzito wa mzigo kinapokuwa karibu na mlingoti, kwa kawaida sentimita 50 kutoka uso wa uma. Kasha la mashine lenye upana wa mita moja na nusu huwa na kitovu chake sentimita 75 mbele. Katika hali hiyo mtambo ule ule huenda usiweze kuinua salama zaidi ya tani mbili na robo hivi, na uwezo huo hupungua zaidi kadiri mzigo unavyopandishwa juu. Takwimu hizi huandikwa kwenye kibati kilichobandikwa karibu na kiti cha dereva. Mtambo usio na kibati hicho ni heri urudishwe ulikotoka.

Ipo pia habari ya mwinuko, ambayo mwenye kukodisha kutoka pwani anaweza kuisahau. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Injini ya dizeli isiyo na taabo hupoteza karibu asilimia tatu ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda, kumaanisha kwamba huku milimani hubaki na takriban sehemu nne kwa tano za nguvu ilizo nazo Mombasa, yaani asilimia 80. Uma zitainua mzigo ule ule, ila mtambo utapanda mteremko kwa kusuasua.

Na miteremko ndiyo sura ya eneo hili. Foklifti ya kawaida, yenye magurudumu madogo ya mpira mgumu, imeundwa kwa sakafu ya zege iliyosawazishwa. Kericho hunyeshewa karibu mwaka mzima, mara nyingi alasiri, na ua wa changarawe ulioonekana mkavu asubuhi huwa utelezi ifikapo saa kumi. Kwa ua wa namna hiyo hutakiwa mtambo wa magurudumu makubwa ya hewa, uliotengenezewa ardhi isiyo sawa, ingawa kodi yake ni ya juu. Popote penye mteremko, dereva mwenye mzigo hupanda akitanguliza mzigo na kushuka kinyumenyume, mzigo ukiwa bado umeelekea juu. Tena hageuzi mtambo katikati ya mteremko. Kupinduka kwa mtambo ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vinavyosababishwa na foklifti.

Ndani ya ghala la chai, dizeli haifai. Majani makavu hunyonya harufu upesi, na chai iliyonuka moshi hubainika mara moja mezani pa waonjaji. Foklifti ya betri haitoi moshi wala haidhoofishwi na mwinuko, bora tu kiwanda kiwe na umeme wa kutegemewa wa kuichaji usiku.

Baada ya mtambo kufaa, ndipo bei ijadiliwe. Foklifti haisafiri barabarani kwa magurudumu yake. Huletwa juu ya lori. Ikitoka Nairobi ni mwendo wa zaidi ya kilomita 250, na kodi ya lori hulipwa kuja na kurudi. Kwa kazi ya siku mbili, usafiri huo unaweza kuipiku kodi ya mtambo wenyewe, hivyo mtambo wa Nakuru au Kisumu wenye bei ya juu kidogo kwa siku huenda ukawa rahisi kwa jumla. Bei iliyotajwa iulizwe pia kama ina dereva, mafuta na ushuru wa VAT wa asilimia 16 ndani yake, na kama siku ya mvua isiyofanyiwa kazi italipiwa.

Kuhusu dereva, sheria haina mzaha. Leseni ya gari dogo haimruhusu mtu kuendesha mtambo wa aina hii. Daraja linalohusu mitambo ya viwanda, ujenzi na kilimo ni G. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtwika msimamizi wa mahali pa kazi wajibu wa kuwalinda wote waliomo, wakiwemo wasio waajiriwa wake. Sheria ya Fidia kwa Wanaoumia Kazini, ya mwaka huo huo, humtaka mwajiri kuwakatia wafanyakazi wake bima. Lakini dereva aliyekuja na mtambo ni mwajiriwa wa nani siku ile? Mkataba usipojibu swali hilo kwa maandishi, litajibiwa mahakamani mtu akiwa amekwisha kuvunjika mguu. Pamoja na mkataba, kiwanda kidai cheti cha ukaguzi wa mtambo kutoka kwa mkaguzi aliyeidhinishwa.

Makuli nao wasisahaulike. Mnamo Mei 2023, mitambo ya kuchuma chai iliteketezwa katika mashamba makubwa ya Kericho na watu waliolalamikia kupokonywa kazi. Foklifti ya siku chache haitishi kiasi hicho, ila meneja mwenye busara huwaita makuli mapema na kuwaeleza kwamba wao ndio watakaopanga paleti, na kwa malipo gani.

Mtambo ukifika, mita ya saa isomwe mbele ya pande zote mbili na kuandikwa, mikwaruzo yote ipigwe picha, na breki, honi na minyororo ya mlingoti ijaribiwe kabla lori lililouleta halijaondoka.