PIMA NTA KABLA YA DHAHABU



Siku moja utataka pete. Pengine kijana wako anaoa. Pengine una hereni za zamani, nawe unataka zigeuzwe pete. Utakwenda mjini kwa sonara. Je, utajuaje kuwa dhahabu yako yote imeingia katika pete, au imerudi mkononi mwako?

Mimi sikujua. Nilimpelekea sonara mmoja hereni za marehemu mama. Sikuzipima. Nilirudishiwa pete nzuri, lakini nyepesi mno. Nilipouliza, niliambiwa dhahabu nyingine imeliwa na moto. Mimi bwana shamba, ambaye kila msimu nawaambia wakulima wa pamba waangalie mizani, nilinyamaza.

Baadaye sonara mwingine alinionyesha kazi yenyewe. Pete nyingi huanza kwa nta. Zamani sonara aliichonga nta kwa kisu na tupa, na wengi bado hufanya hivyo. Huyu alikuwa na mashine inayoongozwa na kompyuta. Wenyewe huiita CNC. Kwanza alichora pete katika kompyuta. Kisha akafunga kipande cha nta ngumu ya kijani. Kisu chembamba kama sindano kikazunguka kwa kasi sana, kikaila nta kidogo kidogo. Kisu kikienda vibaya, nta hupata joto, hulainika na kukigandia. Kwa hiyo nta ya nyuki peke yake haifai hapo, ni laini mno. Lakini kwa mkono inafaa sana. Waasante wa Ghana waliitumia zamani kutengeneza vipimo vya shaba vya kupimia vumbi la dhahabu.

Pete ya nta ilipokwisha, sonara aliiunganisha na kijiti cha nta. Akaisimamisha ndani ya kopo la chuma, akamimina uji wa plasta. Plasta ikakauka. Kopo likaingia tanurini kwa saa nyingi, mpaka joto la nyuzi 700 na zaidi. Nta yote ikayeyuka na kuungua. Ndani ya plasta ikabaki nafasi tupu yenye umbo la pete. Hiyo ndiyo kalibu. Dhahabu iliyoyeyushwa ikamiminwa humo, ikajaza kila pembe.

Sasa angalia vizuri. Dhahabu imekaa palepale ilipokuwa nta. Basi uzito wa nta unakuambia uzito wa dhahabu. Kwa dhahabu ya karati 18, zidisha uzito wa nta kwa 16 hivi. Kwa dhahabu safi, zidisha kwa 19 au 20. Kwa madini ya fedha, zidisha kwa 10 au 11.

Tuseme pete ya nta ina nusu gramu. Utapata pete ya karati 18 yenye gramu 8 hivi. Ikipigwa tupa na msasa itapungua kidogo, na vumbi hilo nalo ni dhahabu.

Sonara atahitaji kuyeyusha zaidi ya gramu 8, labda 12, kwa sababu kile kijiti nacho huacha njia ambayo lazima ijae. Hapo hakuna wizi. Lakini pete ikikatwa, kipande hicho hubaki. Ni chako. Dhahabu haiungui kama kuni.

Kwa hiyo pima hereni zako mbele yake, uandike gramu. Mwulize ni za karati ngapi, maana hesabu inategemea hapo. Halafu mwombe aiweke pete ya nta juu ya mizani, bila kijiti, nawe usome mwenyewe. Fanya hivyo kabla hajamimina plasta. Kopo likishaingia tanurini, hakuna tena nta ya kupima.