Juu ya Herufi Tatu za Kiiraqw na Mawimbi ya Hewa

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mwalimu aliyezaliwa mbali huandika maneno ya Kiiraqw kama ayasikiavyo, na mara nyingi hukosa. Kosa hilo silo la uvivu. Asili yake ni hewa yenyewe.

Sauti ni mtikisiko wa hewa usafirio kama wimbi, mita 340 hivi kila sekunde. Kooni zipo nyuzi mbili, nazo mwanamume asemapo hutikisika mara 100 na zaidi kwa sekunde, hata urefu wa wimbi moja wapata karibu mita 3. Wimbi refu namna hiyo huzunguka nguzo na vichwa vya wanafunzi pasipo shida. Lakini sl hutamkwa nyuzi zikiwa zimetulia: hewa hupenya kwa nguvu ubavuni mwa ulimi, ikafanya mawimbi maelfu kwa sekunde, kila moja sentimita chache tu. Hayo huzuiliwa upesi zaidi. Basi aketiye nyuma husikia irabu, asiisikie sl, au aidhanie kuwa s.

Hh na alama / (ambayo si doa la wino!) hutoka ndani ya koo, kama ha na ain za Waarabu. Wekeni kidole kooni: kwa / mtaona mtetemo, kwa hh hamna.

Kwa hiyo twaonelea imla isisomwe na mwalimu aliyeugeukia ubao. Tena mtoto Mwiraqw aulizwe kabla daftari halijasahihishwa.