Komeito: Kura Chache Zenye Uzito

Komeito hakijawahi kuwa chama kikubwa nchini Japani. Hata hivyo, kati ya 1999 na 2025 kilikuwa serikalini karibu muda wote, isipokuwa kati ya 2009 na 2012. Kiliwezaje?

Tuanze na chimbuko. Soka Gakkai ni jumuiya ya walei wa dini ya Buddha, yaani waumini wasio makasisi. Iliasisiwa mwaka 1930 na mwalimu Tsunesaburo Makiguchi, aliyefia gerezani wakati wa vita, mwaka 1944. Miaka 20 baadaye, Daisaku Ikeda, aliyekuwa akiiongoza jumuiya hiyo, alianzisha Komeito.

Je, katiba inaruhusu chama chenye uhusiano wa aina hii na dini? Ibara ya 20 inakataza taasisi ya dini kutumia mamlaka ya kisiasa. Serikali huitafsiri hivi: kinachokatazwa ni dini kushika mamlaka ya dola, si waumini kuunga mkono chama wakiwa raia. Hata hivyo, mwaka 1970, baada ya lawama kwamba kulikuwa na jaribio la kuzuia kitabu cha kuikosoa jumuiya kisichapishwe, Ikeda aliomba radhi na uongozi wa jumuiya na wa chama ukatenganishwa.

Sasa tutazame kura. Baraza la Wawakilishi lina viti 465: 289 vya majimbo na 176 vya uwiano, vinavyogawiwa kulingana na kura za kila chama. Mpiga kura hupewa karatasi mbili. Katika ya kwanza huandika kwa mkono jina la mgombea, katika ya pili jina la chama.

Hapo ndipo Komeito kilipokubaliana na mshirika wake serikalini, chama cha LDP. Katika majimbo mengi Komeito hakikusimamisha mgombea, na waumini waliandika jina la mgombea wa LDP. Naye aliwaomba wafuasi wake waandike "Komeito" katika karatasi ya pili. Penye ushindani mkali, kura elfu chache za uhakika ziliamua mshindi.

Lakini kura za uwiano za Komeito zilishuka kutoka karibu milioni 9 mwaka 2005 hadi chini ya milioni 6 mwaka 2024. Oktoba 2025 kikajitoa serikalini, kikilalamikia msimamo wa LDP kuhusu fedha za siasa.

Kwa hiyo, nguvu ya Komeito haikutokana na wingi wa viti, bali na kura ambazo mshirika wake aliweza kuzitegemea kabla hazijapigwa. Waumini wanaozipiga wakipungua, hoja yake mezani nayo hupungua uzito.