Treni haizeeki kwa miaka tu

Ndugu msikilizaji, tarehe 9 Januari 2022 jiji la New York, kule Marekani, liliyaaga mabehewa ya treni za chini ya ardhi yajulikanayo kwa jina la R32. Yalianza kubeba abiria mwaka 1964. Behewa la aina hiyo hukadiriwa kufanya kazi miaka 40 hivi. Haya yalifanya 57. Mimi si fundi wa treni, lakini habari hii imenifanya niulize swali ambalo linamhusu kila anayepanda chombo cha umma: ni kitu gani hasa kinachoizeesha treni?

Jibu la kwanza ni mwili wake. Mabehewa hayo 600 yalitengenezwa na kampuni ya Budd ya Philadelphia kwa chuma kisichoshika kutu, kile kile cha vijiko na sinki zinazong'aa. Chuma hicho ni kigumu kuungwa. Ukikichomelea kwa moto wa kawaida, joto huharibu ile sifa yake ya kukataa kutu, na maungio ndiyo huwa ya kwanza kuoza. Budd walikuwa wamegundua dawa yake tangu miaka ya 1930: kupitisha umeme mkali kwa kitambo kifupi mno, kiasi kwamba vipande vinashikana kabla joto halijasambaa. Kwa njia hiyo waliunda treni yao maarufu ya Zephyr ya mwaka 1934, na ujuzi ule ule ukaingia katika R32.

Sasa linganisheni na ndugu zao wadogo. Mabehewa ya R44, yaliyoundwa na kampuni nyingine kati ya 1971 na 1973, yalikuwa ya kisasa zaidi na yalisifiwa kwa mwendo wa kasi. Lakini ubavuni yalikuwa na mkanda mpana wa chuma cha kawaida uliopakwa rangi ya bluu, ulioungwa na kile chuma king'aacho. Maji yakiingia mahali vyuma viwili tofauti vinapokutana, kile dhaifu huliwa haraka. Mafundi walipoyakagua kwa kina mwaka 2009 walikuta kutu imeshakula sehemu zinazobeba uzito. Mwaka 2010 R44 ziliondolewa katika njia kuu za jiji, na R32 kadhaa zilizokuwa zikingojea kufanywa chuma chakavu zikaambiwa zibaki kazini. Mkubwa akamzika mdogo.

Hata hivyo, mwili mzuri bila matunzo haufiki mbali. Hapo ndipo penye jibu la pili, nalo linauma zaidi. Mwaka 1975 New York nusura ifilisike. Walipotafuta pa kubana matumizi, moja ya sehemu za mwanzo kuguswa ilikuwa matengenezo ya treni. Uamuzi wa namna hiyo ni rahisi kwa mkubwa wa ofisini, kwa kuwa treni isiyotiwa grisi leo haisimami leo. Husimama baada ya miaka mitano, pengine yeye keshahamia kwingine. Kufikia 1981 treni zilikuwa zikiharibika, kwa wastani, kila baada ya maili chini ya 7,000, yaani kilomita kama 11,000. Zilikuwapo asubuhi ambapo theluthi moja ya treni zote haikuweza kutoka kwenda kuchukua wafanyakazi.

Waliolipa gharama hiyo ni watu waliosimama vituoni, waliochelewa kazini na waliokatwa mishahara. Fedha iliyookolewa kwenye karakana ilitolewa mifukoni mwao.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1982, ulipoanza mpango mkubwa wa fedha za ukarabati uliopiganiwa na Richard Ravitch, aliyekuwa mwenyekiti wa mamlaka ya usafiri. Mwaka 1984 akaja David Gunn kuziongoza treni zenyewe. Utaratibu mpya ulikuwa rahisi kuueleza: usingoje kifaa kiharibike, kibadilishe muda wake ukifika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 R32 zilifumuliwa na kufungwa upya, zikawekewa na viyoyozi. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 treni za jiji hilo zilikuwa zikienda mwendo mrefu mara kadhaa kuliko ule wa 1981 kabla ya kuharibika. Nyingi kati ya treni hizo zilikuwa zile zile za zamani. Kilichobadilika ni karakana.

Lakini tusidanganyane, ndugu zangu. Matunzo nayo yana mwisho. Kampuni ya Budd iliacha kutengeneza mabehewa mwaka 1987, na vipuri vya gari ambalo mtengenezaji wake hayupo ni tabu tupu. Kuanzia 2011, kila kiangazi R32 zilihamishiwa njia ya J, ambayo sehemu kubwa hupita juu ya ardhi, kwa sababu viyoyozi vyake vilizidiwa na joto la mahandaki. Katika miaka ya mwisho zilikuwa miongoni mwa treni zilizoharibika mara nyingi kuliko zote jijini. Kuzistaafisha ilikuwa haki.

Kwa hiyo, ukisikia treni ni mbovu kwa sababu ni kuukuu, usikubali haraka. Uliza iliundwa kwa chuma gani. Uliza mara ya mwisho ilifumuliwa lini, na fungu la vipuri la mwaka huu limekwenda wapi. Na ukiona treni mpya inayong'aa inazinduliwa kwa ngoma na hotuba, maswali hayo yaulize siku hiyo hiyo, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa treni hujengwa kwa nauli ya abiria.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.