Ua la Usambara na Watu Wanaolitunza bila Mshahara

Katika misitu ya milima ya Usambara, karibu na Tanga katika nchi ya Tanzania, huota mmea mdogo ambao mpita njia aweza kuupita asiuone. Hushika juu ya miamba yenye kivuli na unyevu. Majani yake yana vinyweleo laini, na maua yake ni ya rangi ya zambarau. Leo mmea huu umejaa madirishani pa nyumba za Ulaya na Marekani, na wengi wanaoumwagilia maji kila juma hawajui Usambara iko wapi.

Mwaka 1892 mtawala Mjerumani wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliuona, akampelekea baba yake mbegu. Mtaalamu Hermann Wendland wa Hannover akauandika katika vitabu mwaka 1893, akauita Saintpaulia kwa heshima ya baba na mwana. Mwaka ule ule ulionyeshwa mjini Ghent, katika Ubelgiji. Kisha, katika miaka ya 1920, wakulima wa maua wa Los Angeles walinunua mbegu kutoka Ulaya, wakachagua miche iliyo bora, na biashara ikaanza.

Lakini habari tunayotaka kuwasimulia si ya wafanya biashara. Mwezi wa Novemba 1946, katika mji wa Atlanta, yalifanyika maonyesho ya maua haya, na hapo kikazaliwa chama kiitwacho African Violet Society of America. Chini yake vimo vyama vidogo vya miji mbalimbali. Katika vyama hivyo vidogo, mwandishi, mtunza fedha, na yule apangaye meza siku ya maonyesho, wote hufanya kazi bure, baada ya kazi zao za kila siku.

Je, kazi hiyo yafaa nini? Wengine huwacheka, wakidhani ni mchezo wa bibi wazee. Na tuwaeleze jambo moja. Mbegu za aina zilizochanganywa bustanini hazizai mfano wa mama yake. Mtu akitaka kuwa na ua lile lile, hana budi kukata jani, kuchomeka kikonyo chake katika udongo mwepesi, na kungoja majuma mengi mpaka vichipukizi vitokeze. Maana yake, aina hizi haziwezi kuwekwa ghalani kama mahindi. Aina ya zamani yaishi muda ule tu ambao mtu fulani, mahali fulani, angali na chungu chake dirishani. Mwenye duka huuza kinachopendwa mwaka huu. Cha mwaka jana hakimhusu. Basi ni wanachama wanaopelekeana majani kwa posta, yamefungwa vizuri yasikauke, ili kila aina iwe na nyumba zaidi ya moja. Tena chama hicho ndicho chenye madaraka ya kuandikisha majina ya aina mpya kwa ulimwengu wote, watu wasije wakaita maua mawili kwa jina moja.

Mara kwa mara hutokea hivi: mzee aliyekusanya mimea mingi afariki, na watoto wake, wasiojua thamani yake, waitupa yote pamoja na takataka. Siku hiyo yaweza kupotea aina ambayo hakuna mwingine aliye nayo. Nao wanachama wengi sasa ni wazee. Gharama za kupiga chapa gazeti na za posta hupanda, kodi ya ukumbi yangoja, na mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, maonyesho mengi yalifutwa. Vijana wapenda maua wapo, ila hujifunza kwa simu zao na hawaoni sababu ya kulipa ada. Nani katika paroki zetu asiyeijua taabu hiyo? Siku ya sikukuu watu ni wengi. Atafutwapo mtu wa kuandika hesabu, kila mmoja atazama chini. Kwa maoni yetu, kosa si la vijana peke yao: mahali pengine wazee wameshika daftari na funguo miaka mingi, na kijana hupewa kazi ya kubeba viti tu.

Huko Usambara kwenyewe mambo ni magumu zaidi. Miti ikikatwa, jua hupiga miamba na mmea hukauka. Hifadhi ya msitu wa Amani, iliyowekwa mwaka 1997, yasaidia, lakini si kila mwamba umo ndani yake. Wanachama wengine hutunza nyumbani mimea ya asili ya msituni, isiyochanganywa. Chungu hakiwezi kuwa badala ya msitu, twakubali. Hata hivyo mmea wa namna hiyo wawafaa wataalamu, mradi ijulikane ulitwaliwa mlima gani; bila habari hiyo ni pambo tu. Kwa sababu hiyo wanachama wenye bidii huchomeka katika kila chungu kipande cha plastiki chenye jina la mmea na mahali ulipotoka, na kila mara huandika upya kabla wino haujafifia.