Kifaranga ni Jogoo au Tetea? Jibu Linategemea Aina ya Kuku

Anayenunua vifaranga 50 kwa ajili ya mayai huwalisha karibu miezi mitano ndipo waanze kutaga. Nusu yao wakiwa majogoo, chakula kingi kimeliwa na kuku ambao hawatatoa yai hata moja. Ndiyo maana swali la kwanza kwa muuzaji huwa: hawa ni matetea? Jibu nalo mara nyingi ni lile lile, wote matetea.

Kabla ya kuamini, mfugaji aulize kwanza ni kuku wa aina gani.

Kwa kuku wa mayai wa kahawia, kama ISA Brown na Lohmann Brown, kazi ni nyepesi. Wazazi wao huchaguliwa makusudi ili watoto watofautiane rangi tangu siku ya kutotolewa. Matetea huwa wa kahawia, majogoo huwa weupe wenye unjano. Kwa hiyo anayeletewa boksi la kuku hao akakuta limejaa vifaranga wa njano, asilipe kwanza. Majogoo hao hawahitajiki kwenye biashara ya mayai, wala hawanenepi haraka kama kuku wa nyama, na hapo ndipo mjanja anapopata upenyo.

Aina nyingine hutambuliwa kwa bawa. Bawa likikunjuliwa, yanaonekana manyoya ya mistari miwili. Kwa tetea, ya mstari wa chini ni marefu kuliko ya juu, kwa jogoo yanakaribia kulingana. Lakini hii ni kwa siku ya 1 au ya 2 tu, na kwa kuku waliozalishwa kwa mpango huo. Kwa wengine, bawa halisemi kitu.

Ipo pia njia ya kukagua sehemu ya haja, iliyoendelezwa na Wajapani miaka ya 1920 na 1930. Mtaalamu humbinya kifaranga taratibu na kutafuta kinundu kidogo sana ndani yake. Mafunzo yake ni marefu. Asiyeyapata asijaribu nyumbani, maana kifaranga anaweza kufia mkononi.

Kienyeji je? Hapa ndipo wengi hupigwa. Rangi zao zimechanganyika, na wakiwa na siku moja hakuna alama ya nje ya kutegemea. Lakini maneno hayaishi. Eti kifaranga akishikwa miguu kichwa chini, akitulia ni tetea, akipapatika ni jogoo. Eti sindano ikining'inizwa juu yake itaonyesha. Eti yai lililochongoka hutoa jogoo na la mviringo tetea. Hakuna hata moja la kuaminika. Kwa kuku, tofauti na binadamu, mama ndiye anayeamua jinsia ya mtoto, tena yai likiwa bado halijapata ganda. Umbo la ganda linakuja baadaye, jinsia imeshapita.

Basi kwa kienyeji ni kusubiri. Kuanzia wiki ya 5 au ya 6 hivi, undu wa jogoo, ule ambao wengi huuita upanga, huanza kukua na kuwa mwekundu. Wa tetea hubaki mdogo na umepauka. Miguu ya jogoo nayo huwa minene zaidi. Wakifika miezi mitatu ubishi unakwisha: jogoo ana manyoya marefu, yaliyochongoka na yanayong'aa shingoni na kiunoni, wakati ya tetea ncha zake ni za mviringo. Wengine huwa wameshaanza kujaribu kuwika, kwa sauti ya kukwaruza.

Anayetaka mayai ya kienyeji bila kubahatisha hununua kuku wa umri huo badala ya vifaranga wa siku moja. Bei iko juu, lakini undu unaonekana.